Mbichi au Kavu

Hapa Mirrabool anayeniita Perce Lidgard ni daktari peke yake, tena akiwa na habari mbaya. Wengine wote wananiita Ngufu. Jina hilo nililipata mwaka 1961, siku tuliposimama mbele ya stesheni kupinga treni ya abiria kuondolewa. Bango langu nililichora mwenyewe, kwa rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka trekta la mjomba: NGUFU YA MJI NI RELI. Mpiga picha wa gazeti akalifurahia kuliko alivyofurahia hoja yetu. Treni ikaondolewa, picha ikabaki. Mpaka leo imetundikwa kwenye baa, juu ya meza ya biliadi, nami nimesimama chini ya herufi zangu, nimekunja uso kama mtu aliyemeza nzi.

Jina halikuniudhi. Nina mambo mengine ya kuniudhi. Nakumbuka nani aliyetia sahihi hospitali yetu ifungwe, na leo wajukuu zake wanasafiri saa mbili kwenda kujifungua. Nakumbuka nani aliyekaa kwenye lango la bwawa la kuogelea mwaka 1965 akiwarudisha watoto weusi, na akina nani waliopita mbele yake na mataulo yao wakasema habari za asubuhi. Nakumbuka benki ilivyoondoka ikasema haiondoki. Nimeyasema hayo kwenye mikutano, kwenye barua za gazeti, kwenye mazishi mara mbili. Dud Trewin, niliyeanza naye kazi ya kukata manyoya ya kondoo tukiwa vijana, huniambia, "Wewe Ngufu, siku ukikosa cha kulalamikia tutajua umekufa, tukuletee jeneza."

Basi mtu mwenye kumbukumbu kama yangu ndiye kamati ya sherehe iliyomwendea mwaka 2016, mji ulipokaribia kutimiza miaka mia moja na ishirini na tano. Mwenyekiti alikuwa Narelle Kitto, mwenye duka la mikate. Alinikuta ukumbini nikifuta vumbi kwenye viti.

"Ngufu, kitabu cha historia kinakwenda mtamboni mwezi ujao. Kurasa mbili za mgomo ni zako. Mbili tu, usiniletee arobaini."

"Na bwawa la kuogelea?"

"Usianze."

"Niliuliza tu."

"Huwa huulizi tu. Na kingine, ubao ule utapakwa dhahabu upya. Fundi wa maandishi anakuja kabla ya hapo, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu. Nataka upigwe picha unang'aa, tuweke kwenye jalada."

Akaelekeza kidole ukutani. Ubao ule ni wa mti wa mwerezi, na juu umeandikwa WALIOSIMAMA 1956. Mwaka ule wakata manyoya waligoma karibu mwaka mzima, na mjini kwetu walikuwapo wanaume kumi na wawili ambao hawakurudi bandani hata siku moja mpaka mgomo ulipokwisha. Tulikula sungura mpaka tukaona aibu kuwatazama machoni. Majina yamepangwa kwa alfabeti. Yako kumi na moja. Kati ya Lidgard na Pascoe pana mahali mbao imeingia ndani kidogo, kama shavu la mtu asiye na meno. Wageni hudhani ni mchwa.

Narelle hakuwa amezaliwa wakati ule. Akapitisha kidole mahali pale, akasema, "Na hapa fundi atajaza gundi ya mbao, isionekane."

Nikasema ndiyo. Mimi, ninayepinga hata rangi ya mapipa ya taka, nikasema ndiyo.

Wiki iliyofuata ikaja barua. Narelle aliileta nyumbani, nami nikaisoma nimesimama mlangoni. Mwandishi alikuwa Leonie Murrin, mwalimu wa sekondari huko pwani. Alisikia redioni kuhusu sherehe zetu na ubao wetu. Babu yake, Cecil Murrin, aligoma nasi mwaka 1956, na jina lake lilikuwa kwenye ubao ule, halafu likaondolewa. Alitaka lirudishwe. Alisema angekuja mwenyewe Jumamosi kuuomba mji, ana kwa ana.

"Ni kweli?" Narelle akaniuliza. "Lilikuwapo?"

"Lilikuwapo."

"Kwa nini likatolewa?"

"Kwa sababu ya kura," nikasema. "Itabidi nikueleze."

Nikamweleza. Sikumweleza yote. Ninyi nitawaeleza yote.

Asiyewahi kufanya kazi bandani ajue jambo hili moja. Mvua ikinyesha, manyoya ya kondoo hunywa maji, na wakata manyoya wa kwetu wanaamini tangu zamani kwamba kumkata kondoo aliyelowa kunampa mtu ugonjwa wa mifupa na kifua. Mwenye shamba siku zote atakwambia wamekauka. Ndiyo maana pana kura. Kila mmoja anakata kondoo wawili, anapapasa, ananusa, halafu anachukua karatasi ya kusokotea sigara, anaandika neno moja, anaikunja na kuitia kofiani. Mbichi au Kavu. Wakizidi wa Mbichi, wote wanaweka mashine chini mpaka kesho. Wakizidi wa Kavu, wote wanakata na hakuna kunung'unika. Na kura ni ya siri. Hiyo ndiyo maana yake yote. Bosi asijue, mwenzako asijue, asitokee mtu wa kusukumwa.

Agosti 1957 tulikuwa saba katika banda la shamba la Tullagreen. Mwakilishi wa chama cha wakata manyoya alikuwa Gordon Trewin, kaka yake Dud. Walikuwapo ndugu wawili wa Pascoe, wanaume wazima wenye watoto. Alikuwapo Dud, nami nikiwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwapo Snow Haggerty, mwenye nywele nyeupe na kikohozi kilichotuamsha kuliko kengele. Na alikuwapo Cecil Murrin. Cecil alikuwa mtu mweusi, wa asili ya nchi hii. Watu wake walikuwa kando ya mto huu kabla hajaletwa kondoo hata mmoja, na mji wetu ulipojengwa ukawasogeza ng'ambo, karibu na jaa la taka. Bandani alikata upande wangu wa kushoto. Mkono wake ulikwenda mrefu, bila haraka, na kondoo alilala mikononi mwake kama amesimuliwa jambo la kumtuliza. Chakula cha mchana alikula nasi. Jioni tukiingia baa yeye alibaki nje, kwa sababu sheria ilimkataza, nasi tulimtolea soda dirishani tukajiona waungwana.

Mvua ilinyesha Jumatano. Alhamisi tukakata wawili wawili. Niliweka kiganja changu kwenye mgongo wa kondoo wa pili, chini kabisa, karibu na ngozi. Kulikuwa na maji. Nayakumbuka yale maji kuliko ninavyokumbuka uso wa mama yangu.

Lakini Jumamosi yalikuwa maonyesho ya kilimo mjini, na mimi nilikuwa nimeandikishwa mashindano ya kukata magogo kwa shoka. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi mitatu. Kama tungesimama siku moja, banda lingemalizika Jumamosi badala ya Ijumaa, na mimi ningekuwa nimeinamia kondoo wakati wengine wanavaa fulana nyeupe uwanjani.

Nikageukia ukuta nikaandika. Na hapa kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyelijua. Sikujua kusoma, si vizuri. Shule niliiacha na miaka kumi na miwili, nikawa naficha. Gazeti la chama nilimpa mpishi anisomee, nikidai macho yanauma kwa vumbi. Kuandika neno moja nilidhani nitaweza. Niliandika nilivyosikia.

Gordon akafungua karatasi moja moja juu ya meza ya kuchambulia manyoya. "Mbichi. Kavu. Mbichi. Kavu. Kavu. Mbichi." Ya mwisho akaigeuza huku na huku, akacheka. "Kafu. K-A-F-U. Kuna mtu hapa hakumaliza shule. Lakini tunaelewa. Kavu nne, Mbichi tatu. Washa injini."

Wote wakacheka. Na macho yote yakamwendea Cecil. Yalikwenda tu yenyewe, kama maji yanavyojua mteremko. Mimi pia nilimtazama. Cecil alikuwa anatia mafuta kwenye mashine yake.

Tukakata. Ijumaa jioni Snow alikuwa anatetemeka. Baada ya siku kumi na mbili alifia hospitalini, hiyo hiyo waliyoifunga baadaye. Daktari alisema mapafu yake yalikuwa yameharibika siku nyingi, kwa vumbi na tumbaku. Huenda ni kweli. Lakini mji uliofiwa hautaki mapafu, unataka mtu.

Mkutano wa chama ukaitishwa ukumbini, na hapo tukaivunja ile siri iliyotufanya tuwe chama. Gordon alisimama: "Mimi niliandika Kavu, na sioni haya, siamini hadithi za manyoya mabichi." Ndugu wa Pascoe wakasema hivyo hivyo. Dud akasema Mbichi. Snow alikuwa kaburini, na kila mtu alijua aliandika nini. Nikaulizwa mimi.

"Mbichi," nikasema.

Akaulizwa Cecil. Akasimama, kofia mkononi.

"Kura ni siri," akasema.

"Cecil, mtu amekufa," Gordon akasema.

"Najua. Nilimbeba mimi mpaka kwenye gari. Kura ni siri, ndugu zangu. Mlinifundisha ninyi."

"Asiye na cha kuficha angesema!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Na ile Kafu je? Nani mwingine hapa hawezi kuandika?" mwingine akadakia.

Cecil akatazama safu yetu, mmoja mmoja, polepole. Alipofika kwangu hakusimama, wala hakuharakisha. Kisha akavaa kofia, akatoka.

Jumapili Gordon alileta randa na ngazi. Mimi ndiye niliyeshika ngazi. Maranda ya mwerezi yalianguka kwenye bega langu, yenye rangi ya dhahabu upande mmoja, na yalinukia vizuri. Baada ya hapo hapakuwa na banda lililompa Cecil nafasi, kutoka hapa mpaka mpakani. Kabla ya Krismasi, yeye na mkewe Ivy na watoto watatu walipanda lori la barua, wakaenda kaskazini. Niliwaona wakipita. Mtoto mmoja alinipungia mkono, kwa kuwa watoto hupunga mkono lori linapoondoka.

Baada ya hapo ndipo nilipojifunza kusoma. Nilianza na gazeti la chama, neno kwa neno, na kamusi ya maktaba iliyokuwa imekatika kurasa za herufi za mwisho. Nikasoma sheria, nikasoma historia, nikasoma namna nchi hii ilivyochukuliwa na kwa karatasi gani. Nikawa mtu wa kusimama. Nilisimama kwenye lango la bwawa mwaka 1965 nikarushiwa yai. Nilijua ni kwa ajili ya nani. Kusimama kwa ajili ya wengine ni rahisi mtu akishajua ni wapi hatasimama kamwe.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa, watu arobaini na kitu, wengi kwa sababu Narelle alitangaza chai na keki. Leonie Murrin alikuja na gari lenye vumbi la saa tisa za njia. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye miwani aliyoivaa kichwani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ubao, akaweka kiganja pale palipoingia ndani, akakiacha hapo muda. Halafu akakaa mstari wa mbele.

Narelle akaeleza habari yenyewe kama nilivyomweleza, pamoja na ile Kafu. Alikuwa na wasiwasi na alifanya mzaha kuuficha. "Kwa vile ni sherehe, tutapiga kura ya bandani. Dud kaleta kofia. Karatasi za sigara ninazo, ingawa nimeacha kuvuta, shahidi ni mume wangu." Watu wakacheka. "Kavu maana yake kazi iendelee, jina lirudi. Mbichi maana yake tusimame, ubao ubaki ulivyo."

Mzee mmoja wa Pascoe, mtoto wa mmojawapo wa wale ndugu wawili, akanyanyua mkono. "Sina chuki na mtu, bibie. Lakini baba zetu walikuwa na sababu. Walimwona na makosa yake ya kuandika. Tukianza kurekebisha kila walichofanya wazee, tutamalizia wapi?"

Leonie hakusimama. Alifungua mkoba, akatoa bahasha, akampa Narelle. "Isome, tafadhali. Babu alimwandikia bibi kutoka Tullagreen, Agosti ile ile."

Narelle aliikunjua. Nilikuwa kiti cha tatu, nikauona mwandiko kutoka pale. Ulikuwa mzuri kuliko wa benki, umelala upande mmoja wote, kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja. Alijifunza misheni, Leonie akasema, walimpiga rula kwa kila kosa, hivyo hakuwa na makosa. Narelle akasoma. Cecil alimwambia mkewe kwamba mvua imenyesha, kwamba Snow anakohoa, kwamba yule kijana anayekata karibu naye ana mkono mzuri ila haraka nyingi. Na mwisho: "Nikirudi nguo zangu zitakuwa zimekwisha kuwa kavu."

Narelle akakomea kwenye neno hilo. Akaigeuza barua ili watu wa mbele waone. K-A-V-U.

Ukumbi ukaanza kuhesabu. Niliusikia ukihesabu. Kama si Cecil, na Gordon na wale ndugu wawili walikiri wenyewe zile Kavu tatu zilizoandikwa sawa, na Snow alikufa kwa sababu ya kura hiyo, basi walibaki wawili, nao wote wako hai, wamekaa viti viwili vinavyofuatana. Na mji ukafanya kile ambacho mji wetu hufanya. Ukamtazama Dud. Dud aliyekunywa sana miaka ya sabini, Dud aliyefilisi duka la baba yake, Dud ambaye kifaa chake cha masikio kinapiga filimbi.

"Mnanitazama nini?" Dud akasema. "Nina keki usoni?"

"Mzee Dud," Narelle akasema taratibu, "hakuna atakayekulaumu leo. Mlikuwa vijana."

Nikasimama. Magoti yangu yalipiga kelele kabla yangu.

"Si Dud. Ile Kafu niliandika mimi."

Sijui nilitarajia nini. Miaka hamsini na tisa nilikuwa nimesikia kelele za siku hiyo kichwani mwangu. Kilichokuja ni kicheko, tena cha upole.

"Kaa chini, Ngufu," mtu akasema. "Hata dhambi unataka iwe yako?"

"Tunajua unampenda Dud," Narelle akasema, na macho yake yalikuwa na machozi. "Umesoma vitabu vyote vya maktaba ile, mzee wangu. Wewe ndiye unayetusahihishia matangazo."

"Nawaambia ni mimi!"

"Ndiyo, ndiyo. Kaa, unywe maji."

Hawakutaka. Niliwatazama nikaona hawataki, na nikaelewa kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwa nimejificha kwa werevu wowote. Walikuwa wamenificha wao. Nilikuwa wa kwao.

Dud akaguna. Akasogeza kifaa chake cha masikio, filimbi ikanyamaza. "Narelle, mwite jina lake."

"Nani?"

"Huyu hapa. Mwite jina lake, kwa sauti."

"Ng..." Narelle akaanza. Akasita. Nilimwona neno likimfikia. "Ngufu," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Hakuna aliyecheka tena. Pale mlangoni walikuwapo vijana wa baa, na mmoja wao akatazama upande wa pili wa barabara, kwenye baa ambako ile picha inaning'inia juu ya meza ya biliadi, kama inaonekana kutoka pale.

"Mnamwita kila siku," Dud akasema. "Dukani, barabarani. Mimi niliiona ile picha gazetini mwaka sitini na moja, nikacheka mpaka nikakaribia kuzimia, halafu ghafla sikucheka."

"Hukusema," nikamwambia.

"Wewe ndiye mwenye ulimi. Nilikuwa nakungoja."

Leonie Murrin alikuwa amegeuka kwenye kiti chake. Alishusha miwani kutoka kichwani, akaivaa, akanitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyeletwa ofisini.

"Kondoo walikuwa wamelowa, Bwana Lidgard?"

"Walikuwa wamelowa."

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

Nilikuwa nimeandaa majibu ya swali hilo maisha yangu yote. Kulikuwa na jibu la umaskini, na la ujana, na la mfumo wa mabwana wa mashamba, ambalo ni zuri na lina kurasa nyingi.

"Mashindano ya kukata magogo," nikasema. "Kwenye maonyesho."

"Ulishinda?"

"Wa tatu."

"Wa tatu," akasema. Akawageukia watu waliokuwa nyuma yake, kana kwamba anataka wamsaidie kulibeba neno hilo, lakini hawakumtazama.

"Babu alijua?" akauliza tena.

"Sijui. Alinitazama siku ile. Nadhani alijua."

"Sisi hakutuambia kitu. Tukimuuliza kwa nini alihama Mirrabool alisema walipiga kura. Mama akimbana, alisema kura ni siri, basi. Tulidhani anawaficha waliomkosea. Mama yangu alikufa amemkasirikia kwa hilo."

"Hakuwa anatuficha sisi," nikasema. "Alikuwa anaitunza kura. Tulikuwa saba, na mwanachama mle ndani alikuwa mmoja."

Hapo nikasema lile nililokuwa nimekusudia kulisema tangu nilipoisoma ile barua mlangoni. Nikasema Jumatatu fundi akija aje na randa. Jina la Lidgard litolewe, na mahali pale paachwe palivyo, ili haki iwe sawa. Nilisema kwa sauti kubwa, ile ya mikutano. Watu wawili watatu wakapiga makofi.

"Hapana," Leonie akasema.

"Ni haki."

"Ni haki yako wewe. Ukitolewa utapumzika, watu watasema mzee yule muungwana, amejitoa. Babu alitolewa na hakupumzika." Akanyosha kidole ukutani. "Umeandikwa L. Yeye M. Atakaa chini yako hapo hapo, kwenye mbao iliyokatwa, bila gundi, dhahabu iingie ndani ya kovu. Na wewe ubaki juu yake. Watoto wa shule wakiuliza kwa nini jina moja limezama, uwaambie wewe, ukiwa hai. Na zile kurasa zako mbili za kitabu, nimesikia ni mbili, ziandike upya."

"Mbili hazitoshi," nikasema.

"Utabana maandishi," akasema Narelle, akipenga kamasi.

Tukapiga kura. Kofia ilikuwa ile aliyoleta Dud, yenye doa la mafuta. Nilipofikiwa nilichukua karatasi, sikugeukia ukuta. Niliandika mbele ya kila mtu, herufi nne, na ya tatu niliikaza mpaka karatasi ikatoboka.

Narelle akahesabu juu ya meza ya chai, katikati ya sahani. Kavu thelathini na tatu. Mbichi tisa.

Tisa. Damu ikanipanda. Tisa, baada ya yote yale, na jua la mchana kweupe likiangaza ubao! Nikageuka kuwatazama. Pascoe alikuwa anachunguza vidole vyake: mmoja. Mwenye duka la pembejeo alikuwa ameshashika funguo za gari: wawili. Yule mama wa kanisani, ambaye baba yake ndiye aliyekaa kwenye lango la bwawa: watatu. Kumbukumbu yangu ilikuwa imeamka, inapiga mbio kama mbwa wa kondoo, na midomo yangu ilikuwa imeshafunguka kutaja.

Leonie Murrin alikuwa amesimama kando yangu, anakunja barua ya babu yake kwa mikunjo yake ya zamani.

"Kura ni siri, Bwana Lidgard," akasema.

Nikafunga mdomo. Dud alinitazama kwa mshangao mkubwa, akagusa kifaa chake cha masikio, akidhani kimezimika.